Kamba walioharibikia bakulini: uchambuzi wa kisa cha mpishi anayeanza

Usuli

Mpishi wa kisa hiki alizoea kupika vyakula vya kila siku bila shida, ila kamba wabichi hakuwa amewahi kuwagusa. Alialika watu watatu kwa chakula cha usiku, yeye akiwa wa nne, akaamua kupika kamba wa kukaanga kwa kitunguu saumu na limau. Maelekezo aliyokuwa nayo yalikuwa mafupi: nusu kilo ya kamba waliomenywa, mafuta, kitunguu saumu, limau na chumvi, kisha "kaanga mpaka wabadilike rangi". Jina lake, mahali na kila kinachoweza kumtambulisha vimeondolewa. Saa na vipimo vimebaki, maana humo ndimo kisa kilimo.

Alinunua kilo 1.2 ya kamba wenye vichwa, 40 kwa idadi, yaani gramu 30 hivi kila mmoja. Hapo alipiga hesabu vizuri, na wengi wanaoanza hukosea hapo hapo. Kichwa peke yake huchukua zaidi ya theluthi moja ya uzito wa kamba mzima. Ukiondoa na ganda, kinachobaki ni karibu nusu. Mtu akiambiwa nusu kilo ya nyama, akanunua nusu kilo ya kamba wenye vichwa, atajikuta na gramu 250 na meza ya watu wanne.

Kamba wenyewe walikuwa wazima: maganda magumu yanayong'aa, vichwa vimeshikamana barabara na mwili, harufu ya maji ya bahari tu. Baadhi yao walikuwa na alama nyeusi kichwani na kwenye maungio ya pingili. Hizo alama ndizo zilizoendesha mambo yote yaliyofuata.

Mfuatano wa matukio

Saa 5 asubuhi kamba walitiwa kwenye mfuko wa plastiki bila barafu, wakabebwa kwa dakika 40. Nyumbani mfuko uliingizwa kwenye friji ukiwa umefungwa, vichwa bado vipo, maji yao yamo humo humo.

Saa 9 alasiri kazi ya kusafisha ilianza. Kamba wa kwanza alimaliza dakika 5 nzima. Mpishi alimenya kuanzia mgongoni, ganda likakatika vipande vipande, na mwiba wa kichwani ukamchoma kidole mara mbili. Kuondoa utumbo, alipasua mgongo kwa kina mpaka kamba kadhaa wakawa nusu wametengana. Saa 10 na robo alikuwa na 20 tayari. Waliobaki aliwaacha humo humo kwenye friji na maganda yao, akikusudia kuwamalizia baadaye.

Hapo ndipo zile alama nyeusi zilipomtia wasiwasi, pamoja na shombo iliyokuwa imeshika mikono. Alikamua limau tatu juu ya kamba 20, akatia kijiko kikubwa cha chumvi, akachanganya, akaacha bakuli juu ya meza.

Saa 12 na nusu jioni aliweka kikaango cha sentimita 24 kwenye moto mkali, vijiko viwili vikubwa vya mafuta, kisha kitunguu saumu. Kitunguu kiliungua kabla ya dakika moja. Akamimina kamba wote kwa mpigo, pamoja na maji ya limau. Mlio wa mafuta ukakatika, na maji meupeupe yakajaa mpaka nusu ya kimo cha kamba. Alisubiri yakauke. Ilichukua dakika 9. Kamba walikuwa wamejikunja, mkia umegusa shingo.

Alionja mmoja: mgumu kama mpira, mchachu, chumvi imezidi, na uchungu wa kitunguu kilichoungua. Badala ya kuendelea, alimpigia simu ndugu yake anayepika kwa kazi. Maelekezo aliyopewa yalikuwa machache: fungu la pili lisiguswe na limau, likaushwe, likaangwe nusu nusu, limau ije mwisho kabisa.

Chakula kilifika mezani saa 2 kasoro robo.

Maamuzi na sababu zake

Hakuna uamuzi uliofanywa kiholela. Mfuko ulifungwa ili friji isinuke. Vichwa viliachwa kwa kuwa kumenya mapema kulionekana kutawakausha kamba. Limau ilitiwa kwa sababu tatu kwa pamoja: kutoa shombo, kuua vijidudu, na "kutibu" alama nyeusi. Bakuli liliachwa mezani kwa kuamini kwamba chenye limau na chumvi hakiharibiki. Kamba walipikwa wote pamoja ili waive kwa wakati mmoja. Dakika 9 nazo zilitokana na maji: kwa mantiki yake, kitu kinachoelea majini bado hakijakaangika.

Kila hatua ilikuwa jibu la busara kwa jambo lililosomwa vibaya hatua moja nyuma. Ukiuliza kosa lilikuwa wapi, jibu la haraka ni zile dakika 9, na si kweli. Hata angewatoa kwa dakika 3, fungu lile lilikuwa limekwisha.

Matokeo

Kamba 20 wa kwanza walitupwa. Kwa jinsi bakuli lilivyokaa, ugumu wao uliwafanyia walaji hisani, na tutaliona hilo hapa chini. Kamba 20 wa pili walitoka wakiwa na ukingo wa hudhurungi, nyama inayokatika kwa jino bila kukazana, na waliliwa wote. Gramu 300 hizo ziliwatosha, kwa kuwa mgeni mmoja hakula kamba kabisa.

Uchambuzi: alama nyeusi

Kamba akishakufa, kimeng'enya kilichomo chini ya ganda hukutana na oksijeni na kutengeneza melanini, rangi nyeusi. Ni jambo la jamii moja na lile linalogeuza tunda lililokatwa kuwa la kahawia. Huanzia kichwani, huenea kwenye maungio na kwenye ncha ya mkia. Linakwambia kwamba kamba amekaa muda fulani bila baridi ya kutosha au bila dawa ya kuzuia weusi. Halikwambii kwamba ameoza. Ukimenya, mara nyingi nyama chini yake ni safi.

Kuoza kunajulikana kwa pua na vidole. Harufu kali ya amonia, kama ya mkojo uliokaa. Utelezi unaonata hata baada ya kusuuza. Nyama inayobonyea na kubaki imebonyea. Kichwa kinachong'oka kwa kuguswa tu. Ukikuta amonia, tupa. Usijaribu kuisafisha.

Ndiyo maana limau kama "dawa" ya kamba unayemshuku ni wazo baya maradufu. Asidi hufunga kemikali zinazotoa shombo zisipae puani, kwa hiyo harufu hupungua kweli. Lakini inapunguza pia ile harufu ambayo ingekuonya. Nusa kwanza, kwa makini, kabla ya kutia chochote.

Lililofaa kumtia wasiwasi ni ule mfuko. Kichwani mwa kamba mna tezi ya kumeng'enya chakula, na vimeng'enya vyake haviachi kazi kamba akifa. Huvuja na kulainisha nyama kuanzia shingoni. Kamba wake watatu au wanne walikuwa na sehemu laini kama uji karibu na kichwa, naye alidhani ni dalili nyingine ya kuoza. Kama hupiki ndani ya saa chache, ng'oa vichwa mara ufikapo nyumbani na uache maganda. Weka kamba kwenye chujio lililo juu ya bakuli, funika kwa barafu, weka sehemu ya baridi zaidi ya friji. Maji yadondoke chini, yasiwalowanishe. Friji iwe nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake, nao wapikwe ndani ya siku moja au mbili.

Uchambuzi: saa mbili na robo ndani ya limau

Asidi huvuruga protini za nyama kama moto unavyofanya. Dakika 15 tu zinatosha kuanza kuufanya ukingo wa kamba kuwa mweupe. Kwa saa mbili na robo, kamba wa gramu 15 za nyama, tena aliyepasuliwa mgongo kwa kina, huwa amebadilika karibu mpaka katikati. Mpishi alipomtia kikaangoni alikuwa anampika mara ya pili.

Chumvi iliongeza lake. Kijiko kikubwa kwa gramu 300 ni kama asilimia 5 au 6 ya uzito. Kiasi kinachofaa ni nusu kijiko cha chai cha chumvi laini kwa gramu 300, karibu asilimia 1. Kwa kipimo hicho nyama hushika maji yake vizuri zaidi motoni; ikizidi sana, maji hutolewa nje na kubaki bakulini.

Kuhusu vijidudu, limau haiaminiki. Hupunguza baadhi na kuwaacha wengine, huku nyama ikionekana imeiva ilhali haijaguswa na moto. Kanuni ya kawaida ya usalama ni kwamba chakula kibichi cha aina hii kisikae nje ya baridi zaidi ya saa 2 kwa jumla, au saa 1 joto likizidi nyuzi 32. Jumlisha fungu la kwanza: dakika 40 za njiani, saa moja na robo ya kusafisha, saa mbili na robo ya bakuli. Zaidi ya saa 4. Kupika vizuri huua bakteria, lakini baadhi yao wanaweza kuwa wameshaacha sumu isiyoharibiwa na joto. Hata wangekuwa laini, hawakufaa kuliwa. Fungu la pili lilikuwa na dakika 40 za njiani na kama nusu saa ya kumenywa.

Uchambuzi: maji kikaangoni, na rangi kama kipimo

Kamba ana maji mengi. Kikaango kina joto la akiba. Ukitia kamba 20 waliolowa kwenye sentimita 24, akiba hiyo inamalizwa na maji kabla nyama haijapata kitu. Na maadamu kuna maji, uso wa nyama hauwezi kupita nyuzi 100 hivi, wakati rangi ya hudhurungi na ladha ya kukaangwa huhitaji joto la juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo alikuwa anachemsha, akingoja kukaanga kuanze. Maji yenyewe yaliongezeka kadiri alivyosubiri, kwa kuwa nyama iliyopita kiasi hujikamua.

Nyama ya kamba huanza kuganda kwenye nyuzi 50 hivi. Kiwango kinachotumika sana kwa usalama wa vyakula vya baharini ni nyuzi 63 katikati. Ukienda kwenye 70 na zaidi, nyuzinyuzi hukaza na kufukuza maji, na ndio huo umpira. Nafasi kati ya kuiva na kuharibika kwa kamba wa ukubwa huu ni kama dakika moja ya moto mkali, wala haisubiri kikaango kikauke.

Sasa ile "mpaka wabadilike rangi". Maelekezo mengi husema hivyo, na nadhani yanawadanganya wanaoanza. Rangi ya waridi hutokea joto linapoachanisha rangi hiyo na protini iliyokuwa inaificha. Inatokea nje kwanza. Kamba mwenye rangi nzuri nje anaweza kuwa mbichi ndani. Na aliyekaa kwenye asidi amebadilika hata kabla ya moto, hivyo kipimo kimekufa. Mpishi huyu aliwatia kamba wakiwa tayari wana rangi ya "kuiva", akakosa cha kutazama, akatazama maji.

Pa kutazama ni kwenye mpasuo wa mgongo, upande wa shingo, palipo panene kuliko pote. Kamba mbichi hapo huwa na uangavu wa kijivu, kama unaona ndani ya nyama. Weupe huanzia kingo za mpasuo na kushuka kuelekea chini, ukiacha mstari mwembamba wa uangavu katikati. Mstari huo ukiwa umebaki kama uzi, toa. Utafunga wenyewe kwenye sahani ndani ya nusu dakika, usipofunga, rudisha. Umbo nalo husaidia, lakini ni shahidi wa pili: kamba aliyeiva amepinda nusu duara, aliyefunga duara kamili amepitiliza. Mwenye kipimajoto chembamba akiingize kutoka upande wa shingo kwa urefu wa mwili, asikichome kutoka juu.

Fungu la pili: kilichofanywa

Kumenya kulianzia tumboni. Vichwa viling'olewa kwa kuzungusha kidogo, miguu ikavutwa yote kwa pamoja, na ganda likafunguka kutoka chini kama koti, isipokuwa pingili ya mwisho na mkia. Kwa njia hii mwiba wa kichwani hauko tena njiani. (Ukichomwa, acha kazi, osha kwa sabuni na maji, funika jeraha au vaa glovu. Maji ya kamba yanaweza kuwa na bakteria wa jamii ya Vibrio, na mwenye ugonjwa wa ini au kinga dhaifu asilichukulie jambo hili kirahisi.)

Mpasuo wa mgongo ulikuwa wa milimita 2 au 3 tu, kwa ncha ya kisu kidogo, kuanzia shingoni hadi karibu na mkia. Utumbo ni uzi mweusi au wa kahawia. Unainuliwa kwa ncha na kuvutwa taratibu kuelekea mkiani. Ukikatika, futa kwa karatasi. Kwa wengine huwa mtupu na hauonekani kabisa, na hapo hakuna haja ya kuchimba: kazi ya kuutoa ni kuepusha mchanga na uchungu, haugeuki sumu ukipikwa. Yule uzi mwembamba upande wa tumbo ni mshipa wa fahamu, uache.

Kusuuza kulifanywa haraka kwenye bakuli la maji baridi, bila bomba la kasi linalorusha matone kote jikoni. Kisha karatasi za jikoni, juu na chini, kukandamizwa. Nusu kijiko cha chai cha chumvi, dakika 15 ndani ya friji, kisha kukaushwa tena, kwa kuwa chumvi huvuta maji juu. Watu wengi huruka ukaushaji huu wa pili, nao una faida kuliko kiungo chochote utakachoongeza.

Kikaango kile kile, kikiwa kimeoshwa, kilipashwa dakika 2. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, kamba 10 tu, wametandazwa bila kugusana. Sekunde 90 bila kuwakoroga. Wakageuzwa kwa koleo, dakika moja kasoro, wakatolewa kwenye sahani safi, si ile iliyobeba wabichi. Kumi wengine vivyo hivyo. Moto ukapunguzwa, kitunguu saumu kikaingia kwenye mafuta yaliyobaki kwa sekunde 30, jiko likazimwa, kamba wote wakarudi, na limau nusu ikakamuliwa juu yao. Limau iliyoingia mwisho ilitoa harufu na uchachu uliotakiwa tangu mwanzo.

Mgeni ambaye hakula

Hili karibu lipite bila kuonekana. Mgeni mmoja alikuwa amesema mapema kwamba kamba "humwasha mdomo". Mpishi alipanga kumkaangia mboga kwenye kikaango kile kile baada ya kukifuta. Mgeni aliuliza chombo kilichotumika, akasema atakula wali na saladi.

Alikuwa sahihi. Muwasho wa mdomo baada ya kula kamba ni dalili ya mzio mpaka daktari aseme vinginevyo. Protini inayohusika zaidi, tropomiosini, haivunjwi na joto la kupikia. Kufuta kikaango hakutoshi, mafuta yaliyokaangia kamba hayafai, na kwa baadhi ya watu hata mvuke wa kamba wanaochemka unaweza kuamsha mzio. Chakula cha mgeni kama huyu kipikwe kwanza, kwa vyombo vilivyooshwa kwa sabuni, kifunikwe, ndipo mfuko wa kamba ufunguliwe.

Kama wangekuwa wa kwenye friza

Kamba waliogandishwa mara nyingi wako katika hali nzuri kuliko "wabichi" waliokaa siku mbili juu ya meza ya muuzaji, na kwa anayeanza ningewapendekeza hao. Wawe na maganda lakini bila vichwa. Wayeyushe usiku kucha ndani ya friji, au kwenye mfuko uliofungwa ndani ya maji baridi kwa dakika 20 hadi 30, wala usitumie maji ya moto, maana ukingo utaanza kuiva katikati pakiwa barafu.

Soma pakiti. Ukikuta sodiamu tripolifosfeti, kamba wamefanywa washike maji ya ziada. Kikaangoni watayatoa, kwa hiyo kausha mara tatu na upike wachache zaidi kwa mpigo. Ukikuta metabisalfaiti, ni dawa ya kuzuia zile alama nyeusi. Anayesumbuliwa na salfaiti, jamii ya dawa hiyo, hasa mwenye pumu, atafute wasio nayo. Ukikuta chumvi imetajwa pia, punguza ile nusu kijiko. Pima uzito baada ya barafu ya juu kuyeyuka, kwa sababu tabaka hilo la barafu nalo huhesabika mtu akipima pakiti ikiwa imeganda.

Maganda usitupe. Yakaange kidogo kwenye mafuta mpaka yageuke rangi, funika kwa maji, chemsha kwa moto mdogo dakika 20 hadi 25, chuja. Ukizidisha muda sana, supu huanza kuwa chungu.